Zabbix kubashiri laini kujaa

Mkuu, umeuliza kama Zabbix, programu ya kufuatilia mitandao na seva, inaweza kukuambia mapema laini ya intaneti ya ofisi yenu hapo Moshi itajaa lini. Inaweza, na hulipii leseni. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2016 kuna fomula mbili: timeleft, inayotoa sekunde zilizobaki kabla ya kufika kikomo ulichoweka, na forecast, inayokadiria thamani ya baadaye.

Kwa diski ya seva, timeleft haina mpinzani, maana logi (mafaili ya kumbukumbu za seva) hujaa kwa mwendo unaoeleweka. Iache isome data ya siku saba, ikupe onyo zikibaki chini ya sekunde 259200, yaani siku tatu.

Laini ni habari nyingine. Saa nne asubuhi kila mtu yuko kazini, saa nane usiku kimya. Ukiilisha timeleft data ya asubuhi peke yake itakuambia mtakwama leo leo! Hapo tumia fomula ya baselinedev, iliyokuja na toleo la 6.0: inalinganisha saa hii na saa kama hiyo wiki zilizopita. Inasoma takwimu za kila saa, kwa hiyo usizime hifadhi ya trends, yaani takwimu hizo. Na kama mnahudumia watalii, Julai msiilinganishe na Aprili.

Umeme kukatika haubashiriki, ila chaji ya betri ya UPS (kifaa cha umeme wa akiba) Zabbix inaweza kuisoma kwa SNMP, njia ya vifaa kutoa taarifa zao kupitia mtandao.