Jibu: Kikosi cha mlimani ambacho kila mtu anafanya lake

Mkuu, umesema umepewa kuongoza wapagazi na wapishi wa Mlima Kilimanjaro hapa Moshi, na kila mtu anavutia upande wake. Anza na mizani. Hifadhi inaruhusu mpagazi abebe kilo 20. Pima mizigo getini mbele ya wote, na ikizidi, ongeza mtu. Aliyeonewa getini hatakusaidia mkifika Barafu, kambi ya kuanzia kupanda kileleni.

La pili nimejifunza kwa uchungu. Safari moja, mpagazi kijana aliona mgeni anarudisha sahani bila kula siku mbili mfululizo, dalili ya kuugua kwa sababu ya kimo. Hakusema, maana sikuwahi kumuuliza lolote. Usiku tukamshusha mgeni kwa machela, anatapika. Hadi leo inaniuma. Tangu hapo, kila jioni baada ya chakula nakaa na kikosi kizima, naanza na mdogo kuliko wote, na mimi naongea mwisho. Mpishi anajua nani hali chakula, mbeba hema anajua nani halali usiku. Bila wao nitafikaje kilele cha Uhuru, mita 5,895, na wageni wazima?

Tipu za wageni nazo zigawe hadharani pale Mweka, geti la kushukia, kabla hamjapanda gari.