Nimefungua injini mwenyewe, sasa gari linatetemeka na kuchemsha

SWALI: Fundi, salaam aleikum. Nina Corolla AE100 ya 1994, injini 5A-FE. Gasketi ya hedi iliungua, nikaibadilisha mwenyewe nyumbani Kisauni pamoja na mkanda wa taimingi. Gari linawaka vizuri, lakini likiwa nyutro linatetemeka, na mlima halivuti. Tena nikiwa kwenye foleni ya feri Likoni mshale wa joto unapanda karibu na nyekundu, nikitembea unashuka. Jirani aniambia ninunue rejeta mpya na distributa. Nifanyeje?

JIBU: Waalaikum salaam, ndugu yangu. Pesa za rejeta na distributa (kile kigawa umeme wa plagi) ziache mfukoni. Una matatizo mawili, na sidhani yana chanzo kimoja. Mtetemo pengine umeuleta kwa mkono wako, lakini joto huenda lilikuwako kabla hujashika spana. Gasketi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku, haiungui bure. Kama hukutafuta sababu, umebadilisha kilichoungua ukaacha kilichounguza.

Anza na joto, maana ndilo la kuua injini. Gari linalochemsha likisimama na kupoa likitembea, mara nyingi feni ndiyo mvivu. Upepo wa barabarani unaifanyia kazi yake. Injini ikiwa baridi, fungua swichi ya ufunguo bila kupiga stata, kisha chomoa soketi ya swichi ya joto ya feni kwenye njia ya maji. Kwa Corolla za rika hilo, feni yapasa izunguke papo hapo. Isipozunguka, kagua fyuzi, rilei na soketi ya feni yenyewe. Kwa hewa yetu ya chumvi pini huota kutu ya kijani, ukizitazama kwa juu utadhani zimeshika, kumbe umeme haupiti.

Ikizunguka, shuku swichi, au hewa iliyonaswa ndani, kwa sababu swichi iliyozungukwa na mvuke haisomi joto la maji. Thamostati, vali inayofungulia maji yakipata moto, ina kipini kidogo kinachochezacheza. Kikae upande wa juu, ndiyo njia ya hewa kutoka. Jaza rejeta asubuhi, pua ya gari imeinuliwa, kifuniko wazi, hita kwenye moto. Liache lingurume mpaka thamostati ifunguke, kwenye digrii 82 hivi, huku ukiminyaminya mpira wa juu. Tia kulanti. Maji ya kisima usiyaguse: visima vingi vya huku vina chumvi, na hedi yako ni alumini.

Hapo hapo kwenye mdomo wa rejeta, tazama mapovu. Machache mwanzoni ni hewa tu. Yakiendelea bila kukoma, au mpira wa juu ukawa mgumu kama jiwe ukishafunga kifuniko na injini haijapata moto, ni gesi ya silinda inapita, na hedi itatoka tena. Je, uliipima unyoofu wake kwa rula ya chuma na filagegi (vibati vyembamba vya kupimia mwanya)? Kikomo cha kupinda ni 0.05 mm, jicho halioni hilo. Na matundu ya bolti uliyakausha? Mafuta au maji yakibaki chini, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) hukudanganya: yasema bolti imekaza, kumbe hedi haijabanwa.

Sasa mtetemo. Kuwaka vizuri na kukosa nguvu ni dalili ninayoiona sana mkanda ukiwa umeruka jino moja. Fungua kifuniko cha mkanda, zungusha krenki (shafti kuu ya injini) kwa spana raundi mbili kamili, polepole, mpaka alama yake irudi kwenye sufuri. Kitundu kidogo cha puli ya kamshafti (shafti ya vali) kikabiliane sawasawa na alama ya kofia ya beringi. Kikipishana, hata kidogo, panga upya, kaza mkanda, zungusha tena.

Alama zikiwa sawa, angalia waya za plagi: mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2, na silinda ya kwanza ni ya upande wa mkanda. Kisha mipira ya hewa, hasa ule mwembamba wa sensa ya vakyumu. Ukichomoka, injini hunywa petroli na kutoa moshi mweusi. Waya wa arthi nao umeurudisha?

Ukipitia yote hayo, kopa taa ya taimingi, unganisha kwa waya matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwenye kiboksi cha uchunguzi chini ya boneti, injini ikiwa imepata moto, na uzungushe distributa mpaka isome digrii 10. Hiyo uliyo nayo yatosha.