Maswali na majibu: Raspberry Pi na trafiki ya mtandao wa nyumbani

Nimechomeka Pi (kompyuta ndogo ya Raspberry Pi) kwenye ruta nikawasha tcpdump, programu ya kunasa pakiti za data. Mbona naona trafiki ya Pi yenyewe tu?

Swali hili haliishi, na jibu lake halijabadilika: Pi haioni trafiki isiyopita kwake. Swichi, hata ile iliyo ndani ya ruta, hupeleka pakiti kwenye tundu la mhusika peke yake. Pi itapata zake na zile zinazotangazwa kwa vifaa vyote, basi. Unahitaji swichi inayoweza kunakili trafiki ya tundu moja kwenda lingine, na Pi ikae kwenye tundu linalopokea nakala.

Wengi hukimbilia kuiweka swichi hiyo kati ya modemu na ruta, kisha wananiandikia tena kwamba vifaa vyote vinaonekana kwa anwani moja. Lazima iwe hivyo, kwa sababu ruta imeshaficha anwani za ndani nyuma ya yake. Swichi iwe upande wa ndani, na Wi-Fi itoke kwenye kifaa chake kilichochomekwa kwenye swichi hiyo. Wi-Fi ikiendelea kutoka kwenye ruta yenyewe, trafiki ya simu kwenda intaneti haitapita kwenye swichi. Chora njia ya kebo kwenye karatasi kabla hujanunua chochote.

Pi 3 inatosha?

Kwa Pi-hole, programu ya kuzuia matangazo kwenye mtandao wote wa nyumbani, inatosha na kubaki. Kwa kunakili trafiki yote, tundu la mtandao la Pi 3B linaishia megabiti 100 kwa sekunde. Pi 4 inafika gigabiti moja.

Pi-hole inaonyesha runinga imetulia, lakini kifurushi kinaisha.

Pi-hole huhesabu maulizo ya DNS (kifaa kinapouliza anwani ya tovuti kwa jina lake), haipimi data. Uliza mara moja, pakua filamu nzima: kwenye orodha ni mstari mmoja. Halafu vifaa vingine vimeandikiwa seva ya DNS kiwandani na haviulizi Pi kabisa. Kwenye ruta, zuia poti 53 na 853 (namba za milango ambayo DNS hupitia) kwenda nje kwa kila kifaa isipokuwa Pi. DNS inayopitia poti 443 itakuponyoka hata hivyo, maana imejichanganya na trafiki ya tovuti za kawaida.

Nataka kusoma jumbe za mwanangu na wenzake. Niweke programu gani?

Ya kuweka kwenye Pi hakuna, na nisingekuelekeza hata ingekuwepo. Trafiki karibu yote siku hizi imesimbwa kwa njia fiche. Utaona seva iliyofikiwa, saa na kiasi cha data. Zungumza na mwanao, na umwambie kila mtu nyumbani kwamba mtandao unapimwa. Macho yako yaelekeze kwenye vifaa. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta kwa kujaribu manenosiri ya kiwandani tu, na wenyewe hawakujua. Kamera inayotuma data saa nane usiku kwenye anwani usiyoijua ndiyo ya kukunyima usingizi. Badilisha nenosiri lake leo.

Kadi ya kumbukumbu inakufa kila mara.

Kumbukumbu za trafiki ziandike kwenye SSD. Na acha chaja ya simu: Pi 4 inataka volti 5, ampea 3. Andika `vcgencmd get_throttled`. Jibu likiwa tofauti na 0x0, imepungukiwa umeme au imepata joto kupita kiasi.

Naweza kufungua ukurasa wa ntopng (programu inayoonyesha matumizi ya mtandao) nikiwa safarini?

Kwa WireGuard tu, yaani VPN, njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wa nyumbani. Usiufungulie poti kwenye ruta: ukurasa ule unaonyesha hata saa ambazo simu zote zimetoka nyumbani.