Jibu: Laptopu yenye sabufa lakini besi hakuna, na sauti inakwaruza

Mkuu, umeuliza kwa nini laptopu iliyotangazwa kuwa na sabufa haitoi besi, na kwa nini inakwaruza ukipandisha sauti.

Kabla ya yote chomeka hedifoni. Zikikwaruza nazo, kasoro iko kwenye draiva (programu inayoendesha sauti) au mipangilio ya sauti. Zikiwa safi, shughulika na spika.

Hiyo sabufa ni spika ndogo, mara nyingi haifiki sentimita 5 kwa upana, tena imebanwa kwenye kasha jembamba. Besi hutaka hewa nyingi isukumwe, na chini ya Hz 100 (Hz ni kipimo cha masafa; namba ikiwa ndogo, besi ni nzito zaidi) kidude hicho hakiwezi. Ukipandisha Hz 60 kwenye ikwaliza (programu ya kupandisha na kushusha besi na sauti nyembamba), koni, yaani utando wa spika unaotikisika, inafika mwisho wa mwendo wake, ndipo mikwaruzo inaanza. Fanya kinyume: shusha kila kilicho chini ya Hz 100, ongeza desibeli 2 au 3 tu kwenye Hz 200 hivi. Sauti itajaa zaidi, na spika zitadumu.

Kwa vumbi letu la Dodoma, hasa kiangazi, kagua wavu wa spika. Zima mashine, iinamishe, pangusa kwa brashi laini. Tafadhali usiruhusu fundi apulize kwa blowa hapo. Koni hupasuka kirahisi sana. Ikishachanika, nunua jozi mpya kwa namba iliyo kwenye spika yenyewe, maana mashimo ya skrubu na waya hutofautiana.

Usitumie laptopu juu ya godoro pia, kwani spika nyingi hutazama chini.

Ukitaka besi ya kweli, chomeka spika za nje kwenye tundu la hedifoni.