Kompyuta mbili hazionani nyumbani
Kaka, kama laptopu inapata intaneti vizuri ila folda ya kompyuta ya sebuleni haionekani, usikimbilie kupiga Windows upya. Angalia kwanza mtandao umewekwa wa umma au wa binafsi. Ukiwa wa umma, Windows inaificha mashine yako. Mimi hapa Uyole nilihangaika jioni nzima, baridi ile, chai ikapoa mezani, kumbe laptopu ilikuwa imeshika waifai ya wageni, na ruta ilikuwa inaitenga na wenzake.

Ikigoma bado, andika \\192.168.1.5 kwenye sehemu ya anwani ya dirisha la mafaili, ila badala ya hiyo weka namba ya mtandao (IP) ya ile kompyuta ya sebuleni. Ikiomba nywila, PIN ya kufungulia haikubaliki. Inataka nywila kamili ya akaunti ya kompyuta yenye folda.