Juisi ya kranberi haitibu figo

Dada wa Kondele, pole sana. Umesema mkojo unachoma tangu Jumatatu, sasa mgongo unauma upande mmoja chini ya mbavu, usiku unatetemeka kwa homa, na jirani anakuhimiza ununue juisi ya kranberi. Iache kwanza. Huenda ikawasaidia baadhi ya wanawake wasipatwe tena na maambukizi ya mkojo. Yakishaingia haiyaondoi, sembuse yakipanda hadi kwenye figo.

Mimi nilipoteza siku tatu hivyo hivyo, glasi baada ya glasi, mpaka nikashindwa kuinua ndoo ya maji. Hospitalini nilipewa kikopo cha mkojo kabla ya dawa, wapime ni bakteria gani na antibayotiki ipi inawaua. Ndiyo maana nakuambia usibahatishe vidonge vya dukani.

Nenda leo. Kama una mimba, au unatapika hata dawa haikai tumboni, usingoje matatu ya asubuhi, tafuta boda sasa hivi. Dozi uimalize hata homa ikishuka. Na ukiwa unatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, muulize daktari kabla ya kuigusa juisi hiyo.