Viza ya kwaya kwenda Ujerumani

SWALI: Kwaya yetu ya usharika, waimbaji 24, imealikwa Ujerumani kuimba makanisani kwa wiki 3. Je, tuombe viza moja ya kundi? – Katibu wa kwaya, Moshi

JIBU: Hapana, ndugu katibu. Mwaliko waweza kuwa mmoja wenye majina yote, lakini kila mwimbaji ajaze fomu yake, atoe alama za vidole na awe na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Tafadhali msingoje wiki za mwisho. Pasi iwe hai miezi 3 zaidi baada ya kuondoka huko.

Linalowaumiza wengi ni majina: mwaliko unasema “Neema J.”, pasi “Neema John”. Nakilini herufi kwa herufi. Kisha kila mmoja aonyeshe kinachomrudisha nyumbani, kama barua ya likizo au leseni ya biashara.